Bibi na wapika bia wa Marekani

Mbege ya bibi yangu, pombe yetu ya ndizi na ulezi kule Kibosho, Kilimanjaro, ndiyo iliyomsomesha mama na ndugu zake. Pombe kwetu ilikuwa kazi ya heshima. Kwa hiyo mjomba aliporudi likizo kutoka Dar es Salaam na kanda ya video ya wachekeshaji Laurel na Hardy, filamu yao Pardon Us ya mwaka 1931, akasema, "Mama, hii ni ya wapika pombe wenzako," bibi alivuta kigoda hadi mbele ya televisheni.

Mjomba alitafsiri akiwa amesimama kando, rimoti mkononi. Kwanza akaeleza sheria: kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, Marekani ilipiga marufuku kutengeneza na kuuza pombe. Bibi akashtuka. "Hata bia ya nyumbani? Sasa watoto walisomeshwa na nini?" Mjomba akamwambia kimea na hopsi viliendelea kuuzwa madukani, na watu walipika bia kwa kificho, chupa nyingine zikipasuka kwa gesi kabla hazijafunguliwa.

"Hopsi ndiyo nini?"

"Maua ya kutia uchungu."

"Aa, msesewe wao," akasema bibi, yaani lile gome la mti linalotia mbege uchungu. Akatulia.

Wale wawili wako barabarani, wanajiandaa kununua vifaa. Hardy, yule mnene, amepanga galoni 15. Itakayowashinda kunywa watauza. Bibi akajiweka sawa. Alitaka kuona kimea kinavyochanganywa, chombo gani, moto kiasi gani. Mara hao, wanaingizwa gerezani! Kumbe Laurel amemuuzia bia polisi, akidhani ni kondakta wa tramu, treni ya mitaani.

Bibi alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Hata kupika hatujawaona, wameshafungwa!" Kwangu mimi, uhodari wa filamu ile uko hapo hapo. Upishi wenyewe umerukwa, na anayejua taabu ya kuloweka ulezi, kuuotesha, kuuanika na kuusaga ndiye anayeonja utamu wa mruko huo. Mtayarishaji wake, Hal Roach, alikusudia iwe filamu fupi, ikaja kurefushwa.

Halafu likaja jino. Laurel ana jino bovu linalotoa mlio wa dharau kila anapomaliza kusema, na mkuu wa gereza anadhani anatukanwa. Mlio unatoka, uso wa Laurel umetulia kama wa mtoto anayesubiri uji. Bibi hakuvumilia. Akamnyooshea kidole mkuu wa gereza kwenye kioo: "Wewe baba, huoni ni jino? Mpeleke kijana wa watu hospitali!"

Kweli walimpeleka kwa daktari wa meno, akang'oa jino lisilo na kosa. Bibi akapiga makofi mawili, akamgeukia mjomba: "Hawa nao! Rudisha nyuma, nimwangalie vizuri huyo daktari."