Anza na karatasi, kalamu ya wino itafuata

Watu wakishajua napenda kalamu za wino swali huwa lilelile, eti ninunue kalamu gani, na mi jibu langu huwa ni moja tu, kalamu iache kwanza, tafuta karatasi. Naona wengi wanashangaa lakini nasema kwa moyo wote. Kalamu ya kawaida kabisa yenye nibu ya chuma, nibu ndo ile ncha ya kuandikia, ukiipa karatasi nzuri utaandika mpaka usahau umekaa muda gani, ila kalamu yenye nibu ya dhahabu ukiipeleka kwenye daftari bovu wino unatambaa, herufi zinaota mizizi, na ukigeuza ukurasa unakuta upande wa pili haufai tena kuandikia. Nimeona watu wakiacha hii hobi mapema kabisa wakiamini kalamu yao ni mbovu kumbe daftari ndo lilikuwa linawaangusha.

Ngoja nieleze kwa nini. Karatasi ni nyuzi za mimea zilizobanwa pamoja na katikati ya hizo nyuzi kuna vipenyo vingi vidogo sana. Wino wa kalamu hizi kwa sehemu kubwa ni maji, yaani maji yaliyotiwa rangi na vitu vichache vya kuusaidia utiririke, wakati wino wa kalamu ya biro ni wa mafuta, mzito, unabandikwa pale ulipowekwa na unakaa. Sasa maji yakikutana na nyuzi zilizo wazi yanakimbilia kila kipenyo, hayana subira. Ndo maana viwanda vinavyotengeneza karatasi nzuri vinaitia wanga au kitu kingine cha kuzuia isinywe maji haraka, kwa hiyo wino unabaki juu juu na kukauka taratibu. Na wino uliokauka juu ya karatasi, badala ya kuzama ndani, ndo unaokuonyesha rangi yake yote.

Halafu unene wa karatasi usikudanganye. Kuna karatasi ya Kijapani inaitwa Tomoe River, maarufu sana kwa wapenzi wa kalamu, ile ya gramu 52 kwa mita ya mraba, wakati karatasi ya kawaida ya printa ni gramu 80. Ukiishika ni nyembamba hivi kwamba unaona maandishi ya upande wa pili yakichungulia, lakini wino haupenyi, na rangi zinavyotoka humo sijaona mfano. Wafaransa nao wana Rhodia ya gramu 80 na Clairefontaine ya gramu 90, hizo ni laini mno, nibu inateleza. Wengine wanalalamika inateleza kupita kiasi, wanataka karatasi yenye ukinzani kidogo ili wasikie nibu inafanya kazi, na hapo siwezi kubishana na mtu, mkono wako ndo unajua. Kasoro ya karatasi za aina hii ni kwamba wino unachelewa kukauka, na kama unatumia mkono wa kushoto na kiganja kinapita juu ya ulichoandika basi utachafua ukurasa, bora utafute karatasi inayokunywa kidogo au wino unaokauka upesi.

Ukitaka kuipima karatasi huhitaji utaalamu. Andika mstari mmoja kawaida, chora mistari inayokatana, kisha sehemu moja ipitie mara mbili tatu palepale mpaka palowane, uache pakauke. Angalia kingo za herufi kwa karibu, zimekatika safi au zina nywele nywele? Geuza nyuma, kuna vitone vilivyopenya au kivuli tu? Mi vivuli vinanikera kidogo tu, kupenya ndo sivumilii.

Sasa tuje kwenye kalamu yenyewe, maana nayo ina mambo yake. Watu wengi wakiishika mara ya kwanza wanaikandamiza, na hawana makosa, biro ndo imewafundisha hivyo, kile kigololo cha biro hakizunguki vizuri mpaka ukibonyeze. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Nibu ina mpasuo mwembamba katikati, chini yake kuna kipande cha plastiki, mi nakiita fidi, chenye mfereji mdogo unaotoka kwenye tangi la wino hadi kwenye ncha. Wino unashuka wenyewe kwa ule mvuto wa maji kwenye njia nyembamba, uleule unaopandisha maji ukichovya kona ya kitambaa, na huku wino ukishuka hewa inapanda kuchukua nafasi yake. Ikikosekana njia ya hewa wino unakwama, ikizidi unamwagika. Lewis Waterman alipata hataza yake Marekani mwaka 1884 kwa fidi iliyosawazisha hayo mawili, na kabla yake walikuwepo wengine, kama Petrache Poenaru wa Romania aliyesajili kalamu yake Ufaransa mwaka 1827. Kwa hiyo wewe kazi yako ni kugusa tu. Ilaze kalamu kidogo, iache ncha ikae kwenye karatasi kwa uzito wake wenyewe, halafu isukume. Ukikandamiza zile ncha mbili zinapanuka, na ukizoea kukandamiza zitabaki zimepanuka na wino utaanza kukatika katika. Mkono nao unapumzika, mi naandika kurasa nyingi bila vidole kuuma, na kwa mtu anayeandika sana kwa mkono hicho tu kinatosha kuhama biro.

Wakati tuko kwenye fidi, umewahi kuona vile vimikato mikato chini yake kama mbavu za samaki? Hivyo vinahifadhi wino wa ziada. Hewa iliyo ndani ya tangi ikipata joto inatanuka na kusukuma wino nje, zile mbavu zinaudaka usidondoke. Kwenye ndege shinikizo la hewa linashuka na inatokea hivyohivyo, ndo maana wanashauri usafiri na kalamu iliyojaa kabisa au tupu kabisa, nibu ikiangalia juu, ili kusiwe na hewa nyingi ya kutanuka au isiwe imezibwa na wino.

Suala la dhahabu na chuma linazua mabishano sana. Nibu ya dhahabu ya karati 14 ni nzuri, ina unyumbufu fulani, haili kutu, sikatai. Lakini kinachogusa karatasi hata kwenye hiyo nibu si dhahabu, ni kidonge kidogo cha metali ngumu kilichochomelewa kwenye ncha, na nibu nzuri ya chuma ina kidonge cha aina hiyohiyo. Kile kidonge kikilainishwa vizuri kiwandani kalamu itateleza, kikilainishwa ovyo itakwaruza hata iwe ya thamani namna gani. Lamy Safari ya Wajerumani imekuwepo tangu 1980, plastiki na chuma, na bado iko kwenye mikono ya watoto wa shule na ya watu wanaokusanya kalamu za thamani kwa pamoja. Kitu kingine cha kuangalia ni kwamba saizi za nibu hazilingani, F (yaani nyembamba) ya Mjapani huwa nyembamba kuliko F ya Mzungu, karibu sawa na EF (nyembamba zaidi) ya Ulaya, kwa hiyo kama mwandiko wako ni mdogo au karatasi zako si nzuri sana chukua ya Kijapani. Nibu nyembamba inaweka wino kidogo, na wino kidogo unasamehe karatasi mbaya.

Wino sasa. Hapa nikianza siachi.

Chukua wino wa buluu wenye rangi nyingi, nibu pana kiasi, karatasi laini, uandike herufi moja kubwa taratibu, tuseme S. Usiondoe macho. Mwanzo mstari mzima unang'aa kwa sababu ni maji tu, umejaa, umevimba kidogo juu ya karatasi. Kwenye kona ya juu ambako kalamu ilipita haraka maji ni kidogo na yanakauka kwanza, rangi inabaki buluu nyepesi. Pale chini ulipomalizia na kupumzisha kalamu kuna kidimbwi, na kile kidimbwi kinakauka mwisho na kuacha buluu nzito karibu nyeusi. Herufi moja ina buluu tatu ndani yake na hukuchanganya chochote. Halafu ukiinamisha karatasi kwenye mwanga, baadhi ya wino utaona kwenye kingo za kile kidimbwi kuna wekundu wa shaba unaometa, hiyo ni rangi iliyorundikana na kukauka juu ya karatasi hadi ikaanza kurudisha mwanga kivyake. Kwenye karatasi inayokunywa hutaona hata kimoja cha hivyo, unapata buluu moja bapa basi. Ndo maana nakazana na karatasi!

Hata wino mweusi una siri. Tone moja liweke kwenye karatasi laini ya kufutia, juu yake dondoshea maji kidogo, usubiri. Maji yanatembea kutoka katikati na kila rangi inasafiri kwa mwendo wake, kwa hiyo unaweza kukuta pete ya zambarau, nje yake buluu, na pembeni kabisa kahawia au manjano, maana weusi mwingi ni mchanganyiko wa rangi. Nimeonyesha watoto hiyo kitu na waligoma kuondoka mezani. Na ukiwa na wino uliotengenezwa kwa mchanganyiko wa rangi nyingi, kama zile Iroshizuku za kampuni ya Pilot ya Japani zilizoanza 2007, ukiupima hivyo unajua mapema ukiandika utegemee nini kwenye kingo za herufi.

Kuna wino wa aina nyingine naupenda kwa heshima yake, ule wa chuma na tanini. Tanini inatoka kwenye vivimbe vinavyoota kwenye miti ya mwaloni mdudu akitaga mayai humo, inachanganywa na salfeti ya chuma, na Ulaya waliandikia huo kwa karne nyingi. Ukiandika unatoka mwepesi, halafu hewa inaufikia na unaanza kukoza wenyewe, maji yakimwagika maandishi yanabaki. Uingereza ndo uliotumika kwenye vitabu vya usajili wa ndoa na vifo. Una tindikali kidogo, kwa hiyo usiuache ukalala kwenye kalamu wiki kadhaa bila kuandika. Na wino mmoja usiuweke kabisa kwenye kalamu hizi, ule wa kuchorea unaoitwa wa India, una gundi ndani yake, ukikauka kwenye fidi basi kalamu imeharibika.

Kusafisha ni jambo dogo ila watu wanalikwepa. Maji ya kawaida, ya moto yataharibu plastiki, spiriti nayo usiilete karibu. Kama kalamu inatumia konveta, yaani kile kitangi kidogo cha kuvutia wino kinachochomolewa, unaizamisha nibu kwenye kikombe, unavuta maji, unasukuma nje, unarudia mpaka yanatoka meupe, kisha unailaza nibu chini kwenye tishu usiku kucha na ile tishu inanyonya kilichobaki. Kalamu ya pistoni, kama za Pelikan walizoanza kuuza 1929, ni hivyohivyo ila unazungusha kitasa cha nyuma badala ya konveta. Mi huosha kila nikibadilisha rangi, na kama kalamu inakaa bila kuandikwa naitoa wino kabisa maana wino ukikaukia kwenye ule mfereji mwembamba itabidi uiloweke kalamu siku nzima. Wino wenye chembe za kumeta unahitaji kuoshwa mara nyingi zaidi, zile chembe zinatua na kuziba.

Kwenye vifaa vingine vya mezani sina mengi. Daftari A5 linanitosha, A4 linanichosha mkono kwenda na kurudi, na mistari napenda ile ya nukta kwa sababu haipigani na rangi ya wino. Karatasi ya kukaushia wino ni kitu kidogo kinachosaidia sana, weka kipande ndani ya daftari ukifunga ukurasa kabla haujakauka. Muhuri wa nta na bahasha nzuri ni raha ya pembeni, nikimwandikia mtu barua navitumia, siku nyingine sivitafuti.

Kitu kimoja ambacho ningemwomba kila anayeanza afanye ni daftari la wino. Kila chupa mpya, ukurasa mmoja. Andika jina la wino, kalamu uliyotumia na saizi ya nibu, kisha mistari michache ya maneno ya kawaida unayoandika kila siku, maana doa la rangi peke yake halikuambii mwandiko wako utaonekanaje. Pembeni paka tone na uliache likauke, chini yake dondosha maji kwenye mstari mmoja uone kama maandishi yanavumilia. Mi naandika pia umechukua muda gani kukauka kwenye karatasi ile, na karatasi yenyewe ni ipi, kwa sababu wino uleule kwenye daftari jingine ni habari tofauti kabisa. Ukipata karatasi mpya rudia zile rangi unazozipenda tu, zote haina haja. Na karatasi ikikugomea jaribu upande wake wa pili kabla hujaitoa, karatasi nyingi upande mmoja ni laini kuliko mwingine, nibu nyembamba inalijua hilo kabla ya kidole.