Kumfuata mbasa Matema, kiangazi kikielekea ukingoni

Mbeya mwezi Oktoba asubuhi bado ni ya sweta. Coaster ya Kyela ikishaipita Isyonje na kuanza kuteremka kwenye migomba na chai ya Tukuyu, sweta linaingia kwenye begi, na ukifika Kyela shati limekuganda mgongoni. Umetoka kwenye mita 1,700 hivi hadi mita 500 hivi, na jua la mchana bado halijaanza kuwaka sawasawa. Kipande cha Kyela hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kupitia Ipinda, ndani ya Noah iliyojaa ndoo na kuku, nakiruka.

Nilimfuata mbasa. Waliozoea sato na sangara wa Mwanza huenda hawamjui: mwembamba, mrefu, wa rangi ya fedha, magamba madogo mengi. Kiukoo ni ndugu wa ningu, ila huyu ana mdomo mpana na kazi yake ni kula samaki wenzake. Hapatikani kwingine duniani zaidi ya Ziwa Nyasa na mito inayoingia humo.

Mzee aliyekubali kunipa nafasi kwenye mtumbwi wake aliitikia shikamoo yangu huku akiitazama fimbo yangu ya kuvulia.

“Marahaba, mwanangu. Na hiyo fimbo umekuja kumchapa nani?”

Vijana waliokuwa wakitengeneza nyavu waliangua kicheko. Kisha akaongea neno ambalo naona ndilo uvuvi wote wa mbasa: “Mbasa hatafutwi. Tafuta usipa, yeye atakuwa hapo hapo.” Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa.

Ukilijua ziwa lenyewe, utaona ana haki. Kina chake kinafika mita 700, lakini kuanzia mita 250 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote wanabanana sehemu ya juu. Ule upepo wa kusini unaolichafua ziwa katikati ya mwaka, Oktoba umeshapungua. Asubuhi maji yanatulia, na makundi ya usipa yanaonekana yakitetemesha uso wa maji. Mwezi ulikuwa gizani, na usiku kucha taa za wavuvi wa usipa zilikuwa zimetapakaa hadi mbali. Sisi tuliingia majini wao wakirudi.

Tuliipa mgongo Milima ya Livingstone, ambayo upande ule imezama wima ziwani, tukapiga kafi kuelekea mdomo wa Mto Lufilyo. Mbali kidogo lilisimama wingu jeusi kama moshi wa tanuri la matofali. Ni kungu, wale wadudu wadogo wanaoibuka ziwani kwa mamilioni. Mzee hakujishughulisha nalo. Macho yake yalikuwa kwa minandi. Ndege mmoja akizama si kitu, alisema. Wakizama watano pamoja, piga kafi.

Maji ya mto yana rangi ya majani makavu, ya ziwa ni buluu, na pale yanapokutana kuna mstari unaoonekana kwa macho. Tulifuata mstari huo polepole. Mimi nilikuwa nakokota kijiko, yaani chambo bandia kidogo cha kung'aa, urefu wa usipa. Mzee alikuwa na mshipi, chubwi ndogo, ndoano yenye usipa mzima, na mshipi ameuzungushia kidole gumba cha mguu ili mikono ibaki kwenye kafi. Kidole kilipovutwa hakusema kitu, aliweka kafi chini tu na kuanza kukusanya. Wangu alikuja jua likiwa limeshapanda kidogo: pigo moja zito, kisha akaruka nje ya maji, akarudi, akapita chini ya mtumbwi. Nilipompakia alikuwa na urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na magamba yake yalibaki viganjani.

Pale mdomoni palikuwa na wavu umetandazwa karibu ukingo hadi ukingo. Mbasa hupanda mito kutaga mayai kwenye changarawe yenye maji safi yanayokwenda. Ukimzibia mlango na wavu, au ukilima hadi kingo za mto tope likafunika changarawe, usishangae ukirudi mikono mitupu. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, wameshamweka kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka. Mzee aliutazama ule wavu, akatema mate majini, akageuza mtumbwi.

Ufukweni mbasa wake waliuzwa hata kabla mtumbwi haujavutwa mchangani. Wangu alichomwa, akaliwa kwa wali wa Kyela. Mama aliyetupikia alinionya nile polepole, maana nyama yake ni tamu lakini imejaa miiba myembamba kila mahali. Mzee alianza na kichwa, akakimaliza, akaniuliza kama ile fimbo naiuza.