Gunia la kilo 90 na mizinga ya Hawkins

Kuna gemu ya vita vya majini ninayoicheza tangu ilipokuwa na manowari ishirini hivi. Imetengenezwa na watu wachache huko Ulaya, na jina lake silitaji kwa kuwa mbele nitawalalamikia kidogo. Wana utaratibu mmoja mzuri: mchezaji yeyote anaruhusiwa kuwapelekea pendekezo la manowari iliyopata kuwepo kweli, pamoja na vipimo vyake, historia yake na maelezo ya namna itakavyochezwa. Mengi ya mapendekezo hayo hufa kimyakimya. Langu lilichukua mwaka mmoja na miezi miwili, likarudishwa mara mbili, na sasa meli imo ndani ya gemu. Wenzangu wa hapa Mombasa wameniuliza mara nyingi nilifanyaje, basi naeleza.

Meli yenyewe ni HMS Hawkins, kruza nzito ya Uingereza, yaani manowari ya mbio yenye mizinga mikubwa. Watu wengi wakitaka kruza nzito ya Kiingereza hukimbilia Exeter, iliyopigana na manowari ya Kijerumani Graf Spee mwaka 1939 karibu na mto wa La Plata, au Dorsetshire, iliyopiga torpedo za mwisho kwenye Bismarck, nayo ya Kijerumani, mwaka 1941. Mimi huvuka Likoni kwa feri kila siku ya kazi, na maji yale ninayovuka ndiyo mlango wa Kilindini. Mwaka 1942, Wajapani walipoipiga Colombo na Trincomalee, sehemu kubwa ya manowari za Kiingereza za Bahari ya Hindi zilirudi nyuma zikaja kutia nanga hapa. Nilitaka meli iliyoyajua maji yetu. Hawkins iliyajua. Februari 1941, majeshi yaliyotoka Kenya yalipokuwa yakiwafukuza Waitalia Kismayu, Hawkins ilikuwa nje ya pwani ile pamoja na Shropshire na nyingine, ikikamata meli za mizigo za Italia zilizojaribu kutoroka, huku ndege za Hermes, meli ya kubeba ndege, zikizitafuta kutoka juu.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kurasa tisa za historia. Nilianza na uzinduzi wake Chatham, tarehe 1 Oktoba 1917, nikashuka mwaka kwa mwaka mpaka ilipouzwa chuma chakavu mwaka 1947. Nilijivunia kazi ile. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, mistari miwili: wameipenda hadithi, lakini itachezwaje?

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimeandika wasifu wa marehemu, na wenye gemu walitaka kujua mgeni anayekuja atakaa wapi na atakula nini.

Mara ya pili nikaenda upande wa pili kabisa: namba tupu. Urefu mita 184. Uzito karibu tani 9,800. Mwendo noti 30 hivi. Mizinga 7 ya inchi 7.5. Deraya ya ubavuni inchi 3 pale ilipo nene kuliko kwingine. Hapo nikafanya kosa linaloniaibisha mpaka leo. Niliandika kwamba ikigeuza ubavu inapiga kwa mizinga yote saba. Haiwezi. Mitano ilikaa kwenye mstari wa katikati, kutoka omo hadi tezi, na miwili ilikaa mmoja kila ubavu. Kwa hiyo ubavu wowote unaopiga una mizinga sita, na wa saba unatazama bahari tupu. Ukitazama picha ya meli kutoka pembeni huuoni ule wa upande wa pili, na mimi badala ya kutafuta picha iliyopigwa kutoka juu nilijumlisha tu. Aliyelipitia pendekezo alinirudishia sentensi ile imepigiwa mstari, na chini yake akauliza swali lililoniuma zaidi: mtu akiwa na Exeter yenye mizinga ya inchi 8, kwa nini achukue hii?

Nikaacha kwa muda. Miezi mitatu sikugusa kitu.

Kilichonirudisha ni swali dogo: meli hii ilijengwa kufanya nini? Siyo ilifanya nini, ilijengwa kufanya nini. Jibu liko pwani yetu hii. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus mbele ya Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye mikono ya mto Rufiji, na Waingereza wakahangaika nayo mpaka Julai 1915. Emden nayo ilikuwa imewatoa jasho upande wa India. Meli moja ya mwindaji inazunguka bahari pana, na wewe unaifuata kwa manowari ama zisizoifikia kwa mwendo, ama zisizobeba mizinga ya kutosha. Ndipo ikachorwa Hawkins na ndugu zake wanne: meli ya kwenda mbali, ya mbio, yenye mizinga inayofika mbali, ya kuwawinda watu wa aina ile. Hata tanuri zake ziligawanywa, nyingine za mafuta na nyingine za makaa ya mawe, kwa sababu katika bandari za mbali makaa yalipatikana mahali ambapo mafuta hayakuwepo. Vita vikaisha kabla haijaanza kazi.

Halafu likatokea jambo ambalo mimi hulicheka peke yangu. Mwaka 1922 mataifa makubwa yalipokaa Washington kupunguza manowari, Uingereza haikutaka kuzitupa meli hizi mpya, na kikomo kilichowekwa kwa kruza, tani 10,000 na mizinga ya inchi 8, kilitosha kuziingiza ndani. Kila taifa likaanza kujenga mpaka kwenye kikomo hicho. Basi Hawkins ni bibi wa kruza nzito zote, na wajukuu wakamzidi nguvu wote.

Hapo nikaona njia. Pendekezo la tatu sikulianza na sifa. Nililianza na kila kitu ambacho meli hii inashindwa, kisha nikaonyesha kila upungufu unavyoweza kuwa namna ya kucheza. Exeter ilikuwa na mizinga 6 ndani ya minara mitatu, miwili miwili. Kombora moja la Graf Spee liliupiga mnara wa pili wa mbele, na theluthi ya mizinga ikanyamaza papo hapo. Hawkins kila mzinga uko peke yake. Ukiuvunja mmoja, mingine inaendelea. Lakini mizinga hiyo haikufunikwa. Ilikuwa na ngao mbele na nyuma wazi, na mabaharia wamesimama pale wakipigwa na upepo na vipande vya chuma. Kwa hiyo katika gemu: ni vigumu kuinyamazisha kwa kombora moja kubwa, ni rahisi kuidhoofisha kwa mizinga midogo mingi. Meli yoyote nyingine ya daraja lake ndani ya gemu iko kinyume chake. Hilo lilikuwa jibu la lile swali la Exeter.

Kilichobaki ni kujaza mizinga. Kombora moja lilikuwa ratili 200, na kazi kubwa ya kulitia ilikuwa ya mikono. Nilipozigeuza ratili kuwa kilo nikapata 91, nikakaa nikaitazama ile namba. Hiyo ni gunia la mahindi. Kilo 90 ndilo gunia letu, ukitoa lile lililofungwa lumbesa.

Jumamosi moja nikaenda soko la Kongowea alfajiri, lori la mahindi linashushwa. Nikamwomba mzee mmoja hamali, mtu wa miaka hamsini na kitu, miguu imekauka kama mti wa mkoko, aniruhusu nimpime kwa saa ya simu.

"Unapima nini?" akaniuliza.

"Muda, mzee. Kutoka gunia mpaka gunia."

"Wewe ni wa ofisi ya tajiri?"

Nikamwambia hapana, ni ya meli. Akanitazama kama mtu aliyelala vibaya, akaniambia nisimame kando nisikanyagwe. Wawili juu ya lori wanaliinua gunia, yeye anaingiza mgongo chini yake, shingo inazama, anavuta pumzi moja, anakwenda hatua kumi na mbili mpaka stoo, analiachia. Vumbi la mahindi linaruka, anarudi. Magunia kumi ya kwanza yalikwenda kwa sekunde kumi na nne kila moja, ukichanganya kwenda na kurudi. Likifika la arobaini ilikuwa sekunde ishirini na tatu. Na sakafu ya Kongowea haiyumbi.

Nikaandika hivyo hivyo. Hawkins ianze kupiga kwa kasi nzuri, sekunde kumi kwa kila duru, na ikiendelea mfululizo dakika mbili kasi ishuke mpaka kumi na nne. Ikinyamaza kidogo, mabaharia wanapata pumzi. Niliambatanisha jedwali langu la magunia. Nasikia lilizungushwa ofisini kwao na kila mtu akacheka, lakini ndilo lililopitisha pendekezo. Walikuwa hawajawahi kuwa na manowari inayochoka.

Jina nalo lilinikera, na sikulificha. John Hawkins aliyepewa heshima ile ni baharia wa karne ya 16 aliyewachukua Waafrika pwani ya magharibi akawauza ng'ambo, na nembo ya ukoo wake ilikuwa na Mwafrika aliyefungwa kamba. Mdogo wangu aliposikia aliniuliza, "Kaka, meli zote zile, ukachagua hiyo?" Nilimjibu kwamba jina walilipa wao, lakini waliosafiri nayo baadaye walikuwa watu wetu. Hapo ndipo penye lalamiko langu.

Februari 1944 msafara wa KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo, meli tano za abiria na askari, na kruza ya kuusindikiza ilikuwa Hawkins. Ndani ya Khedive Ismail kulikuwa na kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na Waingereza na wanawake wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa dakika zisizozidi tatu. Walikufa watu 1,297. Distroya mbili, manowari ndogo za mbio Paladin na Petard, ziliiwinda nyambizi mpaka zikaiangamiza, na katika kuiwinda zilirusha mabomu ya chini ya maji mahali ambapo watu walikuwa bado wanaelea. Mizinga saba ya Hawkins siku ile haikuwa na la kufanya.

Katika rasimu ya pili nilikuwa nimeugeuza msafara huo kuwa misheni ya gemu: sindikiza meli tano, pata alama kwa kila moja inayofika. Usiku mmoja nikaisoma tena, nikawaza kijana amekaa sebuleni anashindwa, anabonyeza "anza upya", na wale watu wanazama tena. Nikaifuta. Badala yake nikaomba habari hiyo iwekwe kwenye maelezo ya meli, yale anayoyasoma mchezaji anapoichagua. Aya moja tu.

Waliikubali meli, wakabadilisha vitu vichache, wakaishusha daraja moja, sawa. Maelezo yakatoka na sentensi mbili: ilizinduliwa 1917, ikapiga makombora pwani ya Normandy Juni 1944. Normandy ni kweli, ilikuwa upande wa ufuo ulioitwa Utah. Lakini KR 8 haikuwemo. Nikaandika. Wakajibu kwamba nafasi ni ndogo. Nikahesabu herufi za meli nyingine, nikawapelekea: Hawkins ilikuwa na maelezo mafupi kuliko zote. Nikaandika tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Mara ya nne wakaongeza sentensi moja yenye jina la Khedive Ismail, mwaka, na neno Mombasa. Hakuna idadi ya waliokufa. Hiyo bado naidai.

Wiki meli ilipotoka kwenye gemu nilipitia Kongowea na simu yangu. Mzee yule alikuwa amekaa juu ya magunia matupu anakunywa chai. Nikamwonyesha dohani mbili, mizinga, nikamweleza kwamba pale palipoandikwa sekunde ni kazi yake yeye.

"Ngapi?"

"Kumi. Wakichoka, kumi na nne."

"Kumi na nne ndiyo tuliyoanzia sisi." Akanywa chai. "Wale wa kwenye meli walilipwa kwa gunia au kwa siku?"

Nikamwambia walikuwa na mshahara.

"Basi," akasema, akaniachia kikombe nikishike, akarudi kwenye lori.