Ruwaza ya kanga imetulia: kumbukumbu ya mradi wetu wa gemu, upande wa michoro

Hatimaye kanga ya mhusika mkuu haichezichezi tena anapotembea. Fremu zote 24 zimepita, na maua ya kwenye mji (sehemu ya kati ya kanga) yanabaki maua yale yale kuanzia fremu ya kwanza hadi ya nane. Kazi hii ndiyo iliyokuwa imeziba njia ya kila kitu kingine katika michoro ya timu, kwa hiyo naiandika kwa kirefu.

Kwa ufupi: gemu ni la 2D, linachezwa vichochoroni mwa Mji Mkongwe, Zanzibar, na mhusika ni muuza vitumbua. Skrini ya ndani ni pikseli 320 kwa 180, turubai la mhusika ni 32 kwa 48, na hatua zina fremu 8 kwa mbele, nyuma na ubavu. Ubavu wa pili tunaupata kwa kuigeuza picha. Injini, yaani programu tunayoundia gemu, ni Godot 4.

Nguo isiyo na maua haina shida. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina (ule msemo ulioandikwa), na katika ukubwa huu ua zima ni pikseli 3 kwa 3. Ukichora ruwaza kwa mkono fremu baada ya fremu, ua moja litasogea pikseli moja, jirani yake halitasogea, na fremu inayofuata kinyume chake. Macho hayaoni kitambaa kinachoyumba, yanaona chawa wanatembea juu ya nguo. Njia ya mkato ambayo wengi huijaribu, yaani kuweka ruwaza kwenye leya moja na kuikata kwa umbo la nguo, ni mbaya zaidi: ruwaza inasimama tuli na mwili unapita nyuma yake, kama mtu anayepita nyuma ya dirisha lenye nondo. Chanzo ni kimoja katika hali zote mbili. Ua limefungwa kwenye turubai, halikufungwa kwenye kitambaa.

Dawa ni kuacha kabisa kuchora rangi za kanga kwenye fremu. Tunachora anwani. Kila pikseli ya nguo inabeba namba mbili ndani ya rangi yake: kiwango cha nyekundu kinasema ni safuwima ya ngapi ya kanga, cha kijani kinasema ni safumlalo ya ngapi. Kanga yenyewe ni picha tambarare ya pikseli 32 kwa 24, ambayo inakaribia uwiano wa kanga halisi ya sentimita 150 kwa 110. Pindo limechukua pikseli 3 kila upande, na jina limekuwa mstari mmoja wa nukta juu ya pindo la chini. Sheda (shader, programu ndogo inayopaka rangi kila pikseli) husoma anwani na kwenda kuchukua rangi.

Usiandike namba zenyewe 0 hadi 31 kama rangi. Zote zitaonekana nyeusi na hutajua unachora nini. Zidisha kwa 8, ongeza 4. Safuwima ya 5 inakuwa 44, safumlalo ya 10 inakuwa 84, na ya mwisho, 31, inakuwa 252. Faida ya pili ya ile 4 ni usalama: rangi ikipotoka kwa 3 juu au 4 chini wakati wa kuhifadhi, jibu halibadiliki.

Bluu ilibaki bure, tukaipa kivuli. Kuzidisha rangi ili iwe nyeusi zaidi huzaa rangi zisizokuwemo kwenye paleti (orodha ya rangi tulizochagua), na kwa pixel art hilo silikubali. Badala yake picha ya kanga ina matoleo matatu yaliyopangwa juu kwenda chini, mwanga, wastani na kivuli, jumla 32 kwa 72. Bluu ya 0, 128 au 255 huchagua toleo.

shader_type canvas_item;
uniform sampler2D kanga : filter_nearest;
void fragment() {
    vec4 r = texture(TEXTURE, UV);
    ivec2 p = ivec2(floor(r.rg * 255.0 / 8.0));
    p.y += 24 * int(round(r.b * 2.0));
    COLOR = vec4(texelFetch(kanga, p, 0).rgb, r.a);
}

Leya ya kanga husafirishwa kama faili lake, juu ya mwili. Mikono iko kwenye faili la tatu ili ipite juu ya nguo.

Sasa utamu wenyewe: mikunjo. Mkunjo hauchorwi, unarukwa. Safuwima zikienda 9, 10, 11, kisha 16, 17, basi 12 hadi 15 zimejificha ndani ya mkunjo, na ua lililokatwa hapo linakatika mahali sahihi bila kulifikiria. Goti likisukuma nguo mbele, mkunjo hufunguka: 11, 13, 14, 16. Tumejiwekea sheria mbili. Kwanza, pikseli mbili zilizo jirani zisitofautiane zaidi ya safuwima moja, isipokuwa penye mkunjo. Pili, alama moja ya kitambaa isihame zaidi ya pikseli moja kati ya fremu mbili. Mwili ukishuka na nguo ikafupika, safumlalo za kupunguza zitoke kiunoni. Ukizitoa chini, pindo linapepesa na yote yameharibika.

Kinachovunja mfumo huu ni kitu chochote kinachochanganya rangi. Brashi yenye kingo laini ikichanganya safuwima ya 4 na ya 20, unapata ya 12, yaani doa lililotoka upande mwingine kabisa wa kanga. Tumia penseli tu. Kwenye Godot weka kichujio "Nearest" na ubanaji "Lossless". "VRAM Compressed" hubana kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4 na anwani zote zinavurugika. HDR 2D, mpangilio unaobadilisha jinsi rangi zinavyohesabiwa, izimwe. Na jamani, msitumiane faili hizi kama picha kwenye programu za ujumbe, zinageuzwa JPEG. Tumeni kama waraka.

Kuhusu zana: kwa uhuishaji wa pikseli sijaona kinachoishinda Aseprite, hasa mstari wake wa fremu. Asiye na hela achukue LibreSprite, iliyotokana na toleo la zamani lenye leseni huria, au Pixelorama, ambayo imejengwa kwa Godot yenyewe. Krita naipenda kwa michoro mikubwa. Kwa spraiti (picha ndogo ya mhusika) ya pikseli 32 ni kuchinja kuku kwa shoka. Wenye laptopu za 1366 kwa 768 wawashe ukuzaji wa namba kamili: mnapata mara 4, yaani 1280 kwa 720, na ukanda mweusi pembeni. Ukanda huo ni bora mara mia kuliko pikseli zenye upana tofauti.

Kwenye mpango, kinachofuata ni mzunguko wa kukimbia. Nimeuweka kando, kwa sababu kanga sasa ni faili moja dogo: ukibadilisha picha ya 32 kwa 72, fremu zote 24 zimevaa kanga mpya. Na kanga mpya ni jina jipya. Mhusika akipita mlangoni kwa jirani na kanga ya HASIDI HANA SABABU, jirani asimjibu kama siku aliyovaa WEMA HAUOZI. Mwandishi wa mazungumzo ameshaanza jedwali la majina na majibu.

Ila kwenye spraiti jina halisomeki, herufi inahitaji angalau pikseli 3 kwa 5. Kwa hiyo kisanduku cha mazungumzo ndicho kitakuwa kanga: pindo liwe fremu yake, sura ya msemaji ikae kwenye mji, jina chini. Upana wa pikseli 200, ukitoa pindo la 12 kila upande, unabaki 176. Kwa pikseli 4 kila herufi pamoja na nafasi yake, zinaingia herufi 44, pungufu kidogo kwa M na W zinazotaka 5. HASIDI HANA SABABU inachukua pikseli 71 tu. Nimeanza na pindo la juu.