Sindano ya Mafua na Hesabu Zangu

Asilimia 40 hadi 60. Namba hii imenikaa kichwani wiki nzima. Ni makadirio ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa: katika msimu ambao chanjo ya mafua imelandana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza kwa kiasi hicho uwezekano wa kuugua mpaka umfuate daktari. Mimi nilikulia kwenye chanjo za tabia nyingine. Ya surua, ukimaliza dozi zake mbili, hukinga watu wapatao 97 katika kila 100, na baada ya hapo unaisahau. Hii ya mafua unachomwa leo, mwakani unaitwa tena, na katikati ya hapo mafua yenyewe bado yanaweza kukulaza. Sioni ujinga wowote kwa mtu anayeuliza: sasa ya nini?

Nami nimeuliza. Ni mtu mzima mwenye afya yangu, sina pumu, sina kisukari, presha yangu haijawahi kumshtua nesi yeyote. Suala hili lingekuwa langu peke yangu, nadhani ningelipa kisogo na nisingejitetea sana. Lakini nyumbani tunaishi na Baba, aliyevuka miaka 70 na anayetumia dawa za moyo, na mdogo wangu wa kike ni mjamzito. Mimi ndiye ninayetoka kila siku, ninayebanana na watu kwenye basi na kukaa ofisini na wenzangu wanaokuja kazini wakikohoa kwa sababu kazi haiwasubiri wapone. Kirusi kikitaka kuingia kwetu, njia yake rahisi ni mimi.

Tena kinaingia bila kupiga hodi. Mwenye influenza, yaani mafua haya yanayolengwa na chanjo, huweza kuanza kuambukiza wengine kiasi cha siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo kukaa mbali na Baba nikianza kupiga chafya kunasaidia, ila kunakuja kumechelewa.

Nilichokipenda katika kusomasoma kwangu ni namna chanjo hii inavyopatikana. Mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya nusu ya kusini, Shirika la Afya Duniani (WHO) huwaita wataalamu wakae na taarifa za virusi zilizokusanywa na mtandao wa maabara ulioanza mwaka 1952, kisha waamue ni virusi gani huenda vikatamba msimu unaofuata. Kutoka hapo viwanda vinahitaji kama miezi 6, kwa kuwa sehemu kubwa ya chanjo bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Ni kazi ya fundi anayemshonea nguo mtoto aliye mbali: anakata kitambaa leo huku akikisia mtoto atakuwa amerefuka kiasi gani siku ya kuivaa. Pengine itamkaa, pengine itambana. Msimu wa 2014 hadi 2015 virusi vya H3N2, aina mojawapo ya influenza, vilibadilika wakati chanjo imekwisha kuchaguliwa, na kule Marekani ufanisi wake ukaporomoka hadi asilimia 19. Mwaka 1947 hali ilikuwa mbaya zaidi. Chanjo iliyokuwa imefanya vizuri miaka michache tu kabla ya hapo haikufua dafu mbele ya H1N1, aina nyingine ya influenza, iliyokuwa imejigeuza.

(Kuna kisa kimoja kilinichekesha. Ukoo mmoja wa influenza B, unaoitwa Yamagata, haujathibitishwa kuonekana tena tangu Machi 2020, pale watu walipojifungia majumbani na kuvaa barakoa. WHO imeshashauri uondolewe kwenye chanjo. Tulikuwa tunapigana na kirusi kingine kabisa, na inaelekea huyu akapotea katika vurumai.)

Kama ni kukisia basi, kwa nini nijisumbue? Nilikuwa karibu kuishia hapo, hadi nilipokutana na utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2010. Wahutterite ni Wakristo wanaoishi kijamaa kwenye mashamba ya pamoja. Wanakula pamoja, wanasali pamoja, mali yao ni moja, na mafua yao pia ni ya wote. Watafiti walizigawa jumuiya 49 kwa bahati nasibu. Katika baadhi yake watoto wa miaka 3 hadi 15 walichanjwa dhidi ya mafua. Katika zilizobaki, watoto wa umri huohuo walipewa chanjo ya homa ya ini aina ya A, ambayo haihusiani na mafua hata chembe. Kisha wakawaangalia wale ambao hawakuguswa na sindano ya utafiti, wakiwemo wazazi na wazee. Pale ambapo watoto walichanjwa mafua, hawa wengine waliugua influenza pungufu kwa asilimia 61.

Niliisoma sehemu hiyo mara kadhaa. Wazee walikingwa na mikono ya wajukuu.

Sisi si Wahutterite, na sitajidanganya kwamba mkono wangu mmoja utaleta asilimia 61 ndani ya nyumba. Wale watoto walichanjwa wengi kwa pamoja, katika jumuiya zilizojitenga kidogo na dunia. Kwetu mlango hauna pazia, wageni wanaingia na kutoka. Lakini ile namba ya mwanzo sasa naiangalia vingine. Nilikuwa naipima kwa mwili wangu tu, wakati mwili unaonitia wasiwasi ni wa Baba. Na kwa wazee kuna jambo la kusikitisha: hao wanaoihitaji kinga zaidi ndio ambao miili yao huitikia chanjo kwa udhaifu zaidi. Marekani, tangu 2022, wenye miaka 65 na kuendelea hushauriwa wapewe chanjo zilizoongezwa nguvu kwa sababu hiyohiyo. Mahali ambapo hizo hazipatikani, nguvu ya ziada itatoka wapi kama si kwa walio karibu naye?

Kuhusu moyo wake, kuna utafiti mwingine ambao afadhali nisingeusoma usiku. Ulifanyika Ontario na kuchapishwa mwaka 2018. Katika siku 7 za mwanzo baada ya influenza kuthibitishwa kwa vipimo, kiwango cha watu kulazwa kwa mshtuko wa moyo kilikuwa takriban mara 6 ya kile cha vipindi vingine vya watu walewale. Huwa tunasema fulani alikuwa na mafua tu, halafu moyo ukamsaliti. Ile “tu” siku hizi siitamki kwa wepesi.

Upande wa hofu nao nimeupa nafasi yake. Mwenzangu mmoja kazini, msomaji mzuri, alinikumbusha mwaka 1976. Yuko sahihi. Mwaka ule Marekani iliwachanja watu wapatao milioni 45 dhidi ya mafua ya nguruwe, mlipuko uliohofiwa haukutokea, na chanjo ikahusishwa na ugonjwa wa Guillain-Barré, ambao kinga ya mwili hushambulia neva na kulegeza viungo: takriban mgonjwa mmoja wa ziada kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Mpango ukasimamishwa. Kwa chanjo za msimu za miaka iliyofuata, pale ambapo ongezeko limeonekana, limekuwa mtu mmoja au wawili kwa milioni, na influenza yenyewe pia inaweza kuleta ugonjwa huo. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, “Huyo mmoja katika milioni ana jina lake.” Sikuwa na la kumrudishia, na sikulitafuta. Ila wanaokufa kwa mafua nao wana majina. WHO hukadiria vifo 290,000 hadi 650,000 kila mwaka, vya matatizo ya kupumua pekee.

Ile habari kwamba sindano yenyewe inakupa mafua nimeiacha njiani mapema. Virusi vya kwenye sindano vimeuawa, au ni vipande vyake tu vilivyomo. Mkono utauma, huenda na kahoma kadogo ka siku moja au mbili, halafu basi. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na anayeambukizwa ndani ya wiki hizo atailaumu sindano mpaka kesho. Wala haizuii yale mafua mengine mepesi ya kila mara, ambayo huletwa na virusi tofauti kabisa.

Jana jioni nikalipeleka kwa Baba.

“Baba, nafikiria tukachanjwe mafua, mimi na wewe.”

“Mafua?” Akacheka. “Mwanangu, nimeugua mafua kabla hujazaliwa, na nimezika hadithi ngapi za magonjwa mapya? Mimi nanywa dawa za kutosha.”

Nikamweleza habari za moyo, nikaruka ile mara 6. Akasikiliza hadi mwisho, kama anavyomsikiliza mtu anayemdai. Halafu akauliza, “Wewe umeshachomwa?”

“Bado.”

“Nenda basi. Ukirudi mzima tutazungumza.”

Sitamlazimisha. Ni mwili wake, na akili yake iko timamu kuliko yangu. Namjua pia: akishauriwa na daktari wake wa moyo atakubali kile anachokikataa kwangu, kwa hiyo nitaongozana naye kliniki na swali nitaliacha mezani kwa daktari. Mdogo wangu hakuhitaji maneno mengi. Alipojua kwamba mtoto hawezi kuchanjwa mafua mpaka afikishe miezi 6, na kwamba kinga ya mama humfuata mtoto tangu tumboni, aliuliza jambo moja tu, kama wajawazito wanaruhusiwa. Sindano, ndiyo, ile ya kupulizwa puani, hapana, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ameandika swali lake kwenye daftari la kliniki.

Mimi naenda Ijumaa asubuhi kabla ya kazi. Nitamuuliza nesi kama chanjo waliyonayo ni ya msimu huu au ni masalia ya uliopita, maana kinga yenyewe hufifia kadiri miezi inavyokwenda na sitaki kuanza nikiwa nimechelewa. Kazini nimeshaaga kwamba nitachelewa kidogo. Mwenzangu wa 1976 ameniomba nimwambie mkono umeuma kiasi gani.