Kichwa kikiuma tu
Leo ni miezi 8 tangu mshipa upasuke kichwani mwangu. Nilikuwa sokoni hapa Jinja nachagua nyanya, maumivu yakanipiga kisogoni ghafla kama rungu, nikatapika, nikaanguka. Nilizinduka Kampala siku kadhaa baadaye, dada yangu kanishika mkono.

Mwili umerudi, namshukuru Mungu. Mkono wa kushoto bado mzito kidogo, lakini napika, natembea. Ambacho hakijarudi ni usingizi. Usiku nakisikiliza kichwa changu kama mtu anayemsikiliza mwizi nje ya nyumba. Kikigonga kidogo tu, hata kwa jua au njaa, moyo unaenda mbio, nainua mikono yote miwili, natabasamu mbele ya kioo nione kama mdomo umepinda. Juzi nilimwamsha mume wangu saa 9 usiku tukapima presha: 128 kwa 82. Nikalia, maana ilikuwa nzuri na bado sikuamini.

Watu huniambia, "Umepona, sahau." Wanasema kwa upendo, najua. Nilinyamaza kwa kuogopa wataniona wa kupelekwa Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili. Daktari ndiye wa kwanza kuniambia kwamba hofu hii nayo ni jeraha, kwamba wengi waliovuja damu kwenye ubongo wanayo, akanielekeza kwa mshauri nasaha. Dawa ya presha nameza kila asubuhi.

Jumatano nilienda soko lile kwa mara ya kwanza. Nilifika kwenye nyanya, nikageuka. Wiki ijayo nitaenda na dada.