Kimeondolewa

"Baba, hii kamusi uliiba wapi?"

Binti yangu ameanza Kiswahili shuleni. Ukurasa wa kwanza wa kamusi yangu, chapa ya 1981, una mhuri wa maktaba ya chuo, na juu yake mwingine mwekundu: KIMEONDOLEWA. Nikamwambia sikuiba. Sikumwambia kwamba aliyegonga ule mwekundu ni mimi.

Ilikuwa 2009, chuoni hapa Uganda. Wakaguzi wanakuja, nasi hatuna sera ya vitabu kwa maandishi. Kipi kinunuliwe, kipi kitoke, yote yalikuwa kichwani mwa mkutubi aliyestaafu. Nikapewa wiki tatu niiandike. Sehemu ya fedha niliimaliza asubuhi moja, maana fedha zenyewe hazikuwapo. Kwenye zawadi niliandika kwamba tunaweza kukataa. Tulikuwa na maboksi ya vitabu vya kodi za Marekani ambayo hakuna aliyethubutu kuyarudisha. Kifungu hicho najivunia hadi leo.

Kisha kupalilia rafu: kitabu ambacho hakijaazimwa miaka kumi, wala hakihusu kozi yoyote, kitoke. Kamati ikapitisha.

Nikaanza kazi na toroli. Namba ya rafu 496.392, Kiswahili, vitabu 31, karatasi za tarehe za kuazima nyeupe pe. Dirishani alikaa mzee wetu wa historia na gazeti lake. Sisi wawili tuliongea Kiswahili, tena kwa sauti ya chini. Wenzetu waliiita lugha ya kambini, yaani ya wanajeshi.

"Hivi navyo vinaondoka?"

"Ni sera, Mzee."

"Kaiandika nani?"

Nikanyamaza. Akachukua kimoja, akafungua nyuma, akaitazama ile karatasi tupu kama anayesoma barua. "Hapa hapajawahi kuwa na mwalimu wa Kiswahili. Angeazima nani?" Akachomoa kalamu, akajiandika. Akavuta cha pili. Cha tatu. Alipofika cha sita akaniangalia. Sita ndicho kikomo cha mhadhiri, nacho nilikiandika mimi.

Vilivyobaki nikavigonga. Kamusi nikaja nayo nyumbani.

Katiba ilikuwa imekitaja Kiswahili lugha rasmi ya pili tangu 2005, na nilijua. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Juzi mkutubi mpya wa chuo kanipigia: je, nafahamu vile vitabu vilikwenda wapi? Nikasema nitaangalia nyumbani.

Nimeangalia. Kamusi imo mkobani mwa binti, na Alhamisi ana mtihani.